Wazee wa Alhamisi

Wiki ya pili baada ya mimi kustaafu, Rehema, muuguzi aliyeshika meza yangu kliniki, alinipigia simu saa ya chai. Alikuwa na mzee mbele yake anayesubiri upasuaji wa saratani ya tezi dume, na fomu ya ridhaa ilikuwa mezani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Mwanaidi, ile sehemu ya baada ya upasuaji, wewe ulikuwa unaisemaje?"

Nilimwambia ampeleke mzee akanywe chai kwanza, nami nitamwandikia jibu la swali lake. Bila shaka hakungoja, maana wagonjwa hawangoji. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema nitaandika, na ndiyo haya, yamerefuka kuliko nilivyodhani. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vikubwa kiasi cha kuwachosha navyo.

Nilianza kazi katika wodi ya wanaume, hospitali moja ya hapa Tanga mjini, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nimezaliwa na kulelewa Nguvumali, na nyumbani kwetu mtoto wa kike haketi baraza moja na wazee wa kiume, sembuse kuwafunua shuka. Siku ya kwanza nilitumwa kumwekea mzee mmoja mpira wa mkojo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha alipoona nilichoshika akageukia ukutani akalia. Hayakuwa maumivu, mpira ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikarudi na trei yangu nzima kama nilivyokwenda nayo.

Aliyenirudisha pale kitandani alikuwa Sista Felista, mkuu wa wodi. Hakuwa mtawa, zamani zile wauguzi wote wa kike tuliitwa masista. Alikuwa Mkatoliki, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Amani, mfupi, mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Alinifundisha kuutazama mfuko wa mkojo kabla sijamtazama mgonjwa usoni, kwa sababu mzee wa Kitanga atakwambia hajambo hata akiwa anazimia. Alinifundisha kusafisha kibofu kilichoziba kwa damu iliyoganda: bomba kubwa la sindano, maji ya chumvi yaliyotakaswa, sukuma taratibu, vuta taratibu, usishindane nacho. Na akanifundisha kuzungumza na mzee mambo mengine kabisa wakati mikono inafanya kazi yake chini ya shuka. Mvua, mahindi, wajukuu. Hilo la mwisho nililishika kupita kiasi. Nikawa hodari mno wa kuzungumza mambo mengine.

Miaka ile wenye saratani ya tezi dume walitufikia wakiwa wamekwisha. Walikuja kwa sababu mkojo umefunga, au kwa sababu mgongo unauma hadi hawawezi kuketi, na walikuwa wameshazunguka kwa waganga wote wa miti shamba kutoka Pangani mpaka Horohoro. Tuliwawekea mpira, tukawaondolea korodani ili kuinyima saratani chakula chake, homoni za kiume, tukawapa dawa za maumivu, wakaenda nyumbani. Sikuwa na mgonjwa wa tezi dume niliyemjua kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kisha akaja Dokta Mbwana. Alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, kijana bado, mwembamba, anayetembea haraka na kula chakula chake amesimama. Wiki yake ya kwanza alituita wauguzi kwenye chumba cha chai, akachukua chungwa la Muheza kwenye sahani akalitoboa kwa kalamu. Akasema saratani ikiwa bado ndani ya ganda, kila daktari anakubali ikatwe. Ikishafika mifupani, kukata hakusaidii tena. Ubishi uko kwa wale wa katikati, ambao saratani imetoboa ganda na kugusa vya jirani lakini haijasafiri mbali. Wapo wakubwa zake waliomwambia awaache, awapeleke kwenye mionzi na sindano za kuzima homoni. Yeye aliamini kwamba baadhi yao, wenye moyo na mapafu mazuri, wafanyiwe upasuaji mkubwa wa kuitoa tezi yote pamoja na matezi madogo ya nyonga, njia ya saratani inaposafiri, ijapokuwa wengi wangehitaji mionzi au dawa baadaye.

"Kama nimekosea, sitajua mwezi ujao," alisema. "Nitajua baada ya miaka kumi. Nani kati yenu atakuwa hapa baada ya miaka kumi?"

Nilinyoosha mkono. Wengine walikuwa wakingoja uhamisho. Mimi nyumba ya baba yangu iko mwendo wa miguu kutoka hospitali. Ndivyo nilivyopewa kliniki ya Alhamisi. Chumba kimoja, kabati la mafaili lisilofunga vizuri, mashine ya kupimia presha, boksi la chupa za damu, na kazi moja: kumjua kila mzee aliyekatwa na Dokta Mbwana, yuko wapi, anaishije, na kipimo chake cha damu kinasemaje. Kipimo hicho tunakiita PSA. Tezi ikishatolewa kinapaswa kushuka mpaka mashine isione kitu. Kikianza kupanda, kuna mbegu ya saratani iliyobaki mahali.

Mgonjwa wa kwanza niliyemwandaa mimi mwenyewe alikuwa Mzee Zakaria wa Maramba. Alikuwa Mlutheri, mtoto wa Wasambaa walioteremka kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wakabaki huku chini, mkulima wa machungwa na pilipili manga, na kwa miaka mingi mwalimu wa kwaya kanisani kwake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mgongo umenyooka kama wa askari. Saratani yake ilikuwa imetoboa ganda upande mmoja. Mifupa ilikuwa safi. Alikuja peke yake, mkewe akibaki nyumbani na mifugo.

Dokta Mbwana alimweleza upasuaji kwa dakika kumi, kisha akaitwa haraka chumba cha upasuaji kwa mgonjwa aliyetokwa damu. Alipokuwa mlangoni akanigeukia akasema, "Sista, mmalizie."

Kilichobaki kumalizia nilikijua. Kwa kuwa saratani imetoka nje ya ganda, daktari hawezi kuiacha mishipa ya fahamu inayopita pembeni ya tezi. Mishipa hiyo ndiyo inayousimamisha uume. Baada ya upasuaji kama huo, mambo ya kitandani karibu kila mara hayarudi kama yalivyokuwa. Na mkojo utavuja, kwa wengine miezi, kwa wengine miaka, kwa wachache mpaka mwisho. Yote hayo nilitakiwa kumwambia mwanamume wa rika la baba zangu wadogo, ambaye dakika kumi zilizopita nilikuwa nimemwamkia shikamoo.

Nikamwambia kutakuwa na mabadiliko kidogo katika mambo ya nyumbani, na mkojo utasumbua kwa muda. Akaniuliza muda gani. Nikasema si mrefu sana. Kisha nikamuuliza machungwa ya mwaka ule yalikuwaje. Akanieleza machungwa yake kwa furaha, huku akisaini.

Upasuaji ulichukua saa nyingi lakini ulikwenda vizuri. Siku ya pili mpira uliziba kwa damu iliyoganda. Tumbo likajaa, jasho likamtoka, na mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu akataka kuuchomoa mpira. Usiuchomoe. Nawaambia tena ninyi mnaosoma: mpira wa mtu aliyeshonwa kibofu juzi hauchomolewi kwa sababu umeziba. Nilikaa naye karibu saa nzima na bomba langu la sindano, nikisukuma na kuvuta mabonge, mpaka mkojo ukaja mwekundu, kisha wa rangi ya chai, kisha wa kawaida. Aliponishika mkono kunishukuru nilijiona mimi ndiye niliyemponya.

Wiki tatu baadaye tulitoa mpira, na kabla hajafika mlangoni suruali yake ilikuwa imelowa. Nikampa pedi na kumfundisha kuzikunja. Wiki ya sita PSA yake ikarudi: mashine haikuona kitu. Nilitoka na karatasi nikimwonyesha kama mtu aliyefaulu mtihani. Aliitazama karatasi, akanishukuru kwa adabu, akajifunika mapajani kwa koti. Mwezi wa tatu alikuja akiwa amevaa suruali nyeusi. Mwezi wa sita alikuja akiwa amesimama njia nzima kwenye basi, kwa sababu aliogopa kulowesha kiti. Hilo niliambiwa baadaye. Mwezi wa tisa hakuja. Wa kumi na mbili hakuja. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Dokta Mbwana alikuwa na wagonjwa wengine. Mimi nilikuwa na Alhamisi yangu na jina lisilojibu. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikachukua boksi la barafu na chupa mbili za damu, nikapanda basi la Maramba.

Nyumba niliionyeshwa na mama mmoja sokoni. Mwalimu wa kwaya kila mtu anamjua. Nilimkuta mkewe, Mama Neema, akianua nguo uani. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgeni hafiki, kamba nzima ilikuwa imejaa vipande vya khanga vilivyokatwa sawasawa na kukunjwa mara mbili. Aliona nilipotazama. Nilipojitambulisha, akaketi kwenye ngazi ya mlango akanieleza.

Mumewe aliacha kwaya tangu Krismasi iliyopita. Kanisani alikwenda siku chache, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, kisha akaacha kabisa. Alihamia chumba cha watoto waliokwisha kuolewa. Vitambaa alivifua mwenyewe kabla ya jua, asitake mkewe aviguse. Mama Neema alijua kuhusu mkojo. Ila hakujua hilo lingine. Kwa mwaka mzima aliamini kwamba mumewe, baada ya kuona kaburi, ameamua hamtaki tena, au kuna mwanamke mahali. Alimuuliza mara moja tu, na mzee akachukua panga akaenda shamba.

Nilikaa na maneno yale mdomoni kama mtu aliyetafuna shubiri. Nilijua hilo lingine. Nililijua siku fomu ilipokuwa mezani.

Mzee Zakaria alirudi mchana. Aliponiona alisimama mbali kidogo, jinsi mtu anavyosimama akihofia harufu yake. Nikamwamkia. Akaitikia, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza habari za Dokta na za kazi. Sikuzungumzia machungwa. Nilimwambia, mkewe akiwa pale, kwamba yaliyompata mwilini yametokana na upasuaji, kwamba mishipa ilikatwa kwa sababu ilibidi ikatwe, na kwamba hayo yote yalijulikana kabla.

"Wewe ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, mzee."

Kuku walipita kati yetu. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "Ungeniambia, Sista. Ningesaini vilevile, nilitaka kuishi. Lakini ningejua. Na huyu mama angejua."

Mama Neema alikuwa ameshika upindo wa khanga yake akiufikicha. Alinyanyuka akaingia ndani, tukasikia akilia kidogo, na alipotoka alikuwa na sahani ya mihogo, akaiweka mbele ya mumewe kwanza, akamwambia usiku huo arudishe godoro lake chumbani kwao. Hakusema kwa upole. Alisema kama anavyomwambia mtu afunge ng'ombe. Mzee aliinamisha kichwa, na nilipotazama pembeni ili nisimwone, nilijua kwamba amekubali.

Damu nilimtoa palepale uani. Majibu yalikuja siku ya tatu: PSA ilikuwa imeanza kupanda. Kidogo, lakini ilikuwa ikipanda. Dokta Mbwana akasema ilikuwa bado mapema kiasi cha kuikamata, iwapo angekwenda Dar es Salaam kwa mionzi ya wiki kadhaa. Mwanzo mzee alikataa. Alisema amekwisha kusafiri na mkojo wake vya kutosha. Nikarudi Maramba mara ya pili, safari hii nikiwa na pedi za kutosha, mfuko wa nailoni wa kutandika kwenye kiti, na somo ambalo nilipaswa kumpa tangu mwanzo.

Somo lenyewe ni la misuli ya chini, ile unayoikaza unapozuia mkojo njiani. Unaikaza, unahesabu, unaiachia, unarudia, kila siku, miezi. Nilimweleza mbele ya mkewe, nikitaja kila kiungo kwa jina lake, na masikio yangu yakiwaka moto. Mzee alisikiliza, kisha akauliza ahesabu mpaka ngapi. Nikasema kumi. Akasema yeye hawezi kuhesabu namba kwa miezi, atachoka. Angehesabu kwa wimbo. Akachagua wimbo mmoja wa kwaya, wa taratibu, akawa anakaza mstari mmoja na kuachia mstari mmoja. Mama Neema aliniambia baadaye kwamba alikuwa akisikia mumewe anavuma wimbo ule shambani, bafuni, na hata mezani, ukikatika katikati, naye anajua nini kinaendelea.

Alikwenda Dar es Salaam pamoja na mkewe. Mionzi ilimtibua tumbo na kuzidisha kuvuja kwa miezi kadhaa, kisha taratibu akapata nafuu. Kutoka vitambaa vinane kwa siku alifika kimoja. Hakufika sifuri. PSA ilishuka, ikakaa chini. Na Jumapili moja, Mama Neema akanipigia simu kuniambia tu kwamba mzee amesimama mbele ya kwaya. Amevaa koti refu, akasema, lakini amesimama.

Baada ya hapo nilijiapiza kwamba sitameza neno tena mbele ya mgonjwa. Nikaandika kwenye karatasi kila kitu kinachofuata upasuaji, nikakisoma nyumbani mbele ya kioo mpaka ulimi ukazoea. Nilijivunia sana karatasi ile.

Aliyeipata kwanza alikuwa Mzee Faki, mkulima wa karafuu kutoka Pemba, aliyefikia kwa ndugu yake hapa mjini kwa ajili ya matibabu. Mtu wa watu, kanzu safi, maneno machache. Hali yake ilikuwa ile ile ya Mzee Zakaria, pengine nafuu zaidi. Alikuja peke yake. Nikamsomea yote, wazi, bila kupunguza, nikitaja la mkojo na la kitandani, na kwamba huenda bado akahitaji mionzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake. Akasema, "Ahsante, mwanangu, kwa kunambia." Akaomba fomu akaifikirie nyumbani. Nikampa, nikaita mgonjwa mwingine. Niliona nimefanya kazi safi.

Hakurudi. Nilipiga simu mara mbili, ndugu yake akasema amekwisha vuka kwenda kwao, anatumia dawa za kienyeji, hajambo. Nikaandika kwenye faili: amekataa matibabu. Nikalifunga.

Mwaka wa tatu aliletwa wodini kwetu akiwa amebebwa. Saratani ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo na miguu ilikuwa haifanyi kazi. Mkewe, Bi Asha, alikuwa naye, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Dokta Mbwana alifanya kilichowezekana, ambacho kilikuwa kupunguza maumivu. Siku kumi na moja alikaa nasi. Nilimsafisha na kumgeuza mwenyewe, na siku moja nilimuuliza kwa nini hakurudi. Akasema alitaka kurudi, lakini kila alipofikiria kumweleza mkewe lile neno, alishindwa, na siku zikapita.

Alipofariki, na wakati ndugu zake wakishughulikia kumpeleka Pemba, Bi Asha alinikuta kwenye korido. Alikuwa ameambiwa na shemeji yake kwamba mimi ndiye niliyempa mzee maelezo.

"Hungemficha japo kidogo, mwanangu?" akaniuliza. "Angekatwa, akawa nami."

Nilimshika mkono, akaniachia nimshike, akaenda zake. Nimeyasikia mengi katika kazi hii lakini hayo mawili, la Mzee Zakaria uani kwake na la Bi Asha koridoni, yamekaa kichwani mwangu yakitazamana, na hakuna hata moja lililolimaliza lingine. Dokta Mbwana alijaribu kunituliza. Alisema huenda Mzee Faki angekufa hata kama angekatwa, maana wapo tuliowakata na wakafa kabla ya mwaka wa tano. Alikuwa anasema kweli. Haikunisaidia.

Nilikwenda kumwona Sista Felista, ambaye alikuwa amestaafu na kuhamia kwa mwanawe Muheza. Nilimweleza yote mawili nikingoja aniambie lipi lilikuwa kosa. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha kuchambua.

"Wa kwanza ulimnyima ukweli," alisema. "Wa pili ulimpa, ukamwacha nao peke yake. Kisha ukaita mgonjwa mwingine."

Ndiyo maana, Rehema, kliniki ile ina viti vinne, si viwili kama vyumba vingine. Tangu siku ile sikumweleza mzee yeyote mambo ya baada ya upasuaji akiwa peke yake, isipokuwa kama hana mtu kabisa. Nilimwambia aje na mkewe, au mwanawe, au mtu anayelala nyumba moja naye. Nilieleza mara mbili, siku mbili tofauti, kwa sababu siku ya kwanza mtu husikia neno saratani tu na mengine yote yanampita. Mwenye kutaka kufikiria nilimpa wiki moja na kumwambia nitapiga simu Alhamisi, na Alhamisi nikapiga. Asipopokea, nilimfuata. Wapo walioniona msumbufu. Mmoja wa Nguvumali alihama njia asipite mlangoni kwetu.

Halafu nikamwomba Mzee Zakaria awe anakuja kuongea na wapya. Nilidhani atakataa. Akasema atakuja, ila na Mama Neema, maana nusu ya habari ni ya mkewe.

Wenzangu wapya huniuliza, hatimaye Dokta Mbwana alikuwa sahihi au hakuwa? Sasa amehamishiwa mkoa mwingine, naye huniuliza hilohilo kwenye simu, ingawa ndiye aliyesema baada ya miaka kumi atajua. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Wapo wazee waliokatwa ambao saratani haikurudi kamwe. Wapo waliorudiwa, wakapata mionzi, wakaendelea kulima na kuvua na kugombana na wake zao kama kawaida. Wapo wanaoishi kwa sindano za kila miezi mitatu, wamenenepa kiunoni na kulalamika joto kama kina mama wa makamo, lakini wanaishi. Mmoja alipata kovu kwenye njia ya mkojo, nikawa naipanua tena na tena kwa miaka. Wapo niliokwenda kwenye mazishi yao mapema mno. Karibu wote walipoteza kitu ambacho hawakukitaja isipokuwa walipoulizwa, na walipoulizwa vizuri walikitaja. Mifupani, saratani iliwafikia wachache kuliko nilivyozoea kuona zamani. Mimi si daktari, na wazee wangu si wengi kiasi cha kumfundisha mtu yeyote. Lakini zamani sikumjua mgonjwa wa tezi dume kwa zaidi ya miaka mitatu, na nimeliacha kabati likiwa na mafaili yaliyochakaa kingo kwa kufunguliwa.

Alhamisi yangu ya mwisho alikuja Bwana Hemedi, fundi seremala, miaka hamsini na minane, saratani imetoboa ganda pande mbili. Nilikuwa nimemwambia aje na mkewe. Alikuja bila mkewe. Akasema mkewe yuko dukani, ana wateja, na isitoshe haya ni mambo ya wanaume. Sikubishana naye. Mzee Zakaria na Mama Neema walikuwa wamefika kwa kipimo chake cha mwaka, mwaka wa kumi na nne, nikawaketisha mbele yake, nikafunga mlango.

Mzee Zakaria alimweleza yote. Alieleza vitambaa, benchi la mwisho kanisani, chumba cha watoto. Alieleza lile la kitandani kwa maneno ya wanaume, mafupi, ambayo mimi kwa miaka yangu yote sikuyapata. Bwana Hemedi alikuwa ametazama sakafu muda wote. Alipoinua kichwa hakumtazama Mzee Zakaria, wala hakunitazama mimi.

"Mama, samahani," alimwambia Mama Neema. "Wewe ulionaje?"

Mama Neema alifikiri. Alikuwa ameweka mkoba wake magotini na mikono juu ya mkoba.

"Mwaka wa kwanza nilidhani amenichoka," alisema. "Hakuniambia, na mimi sikujua kuuliza. Huo ndio mwaka mbaya. Alipokuja kuniambia, tukawa wawili tena. Mengine unazoea. Jioni ananisomea, tunazungumza, tunalala. Mimi nina mume, baba. Wenzangu wa rika langu wengi hawana." Kisha akaongeza, "Lakini usinisikilize mimi. Mimi si mke wako."

Bwana Hemedi alipapasa mfuko wa shati, akatoa simu, akaitazama kama kitu kizito. Kisha akapiga.

"Mama Zuhura," alisema. "Funga duka uje hospitali. Hapana, sijazidiwa. Njoo tu, kuna mambo nataka usikie."

Mzee Zakaria alisogeza kiti chake ukutani kupisha nafasi. Nami nikatoka kwenda wodini kuazima kiti cha tano.